Sendofu ya Benchi la Mvua Itakatika

Kijiwe chetu cha Makandana kinaitwa Mvua Itakatika. Jina hilo halikupitishwa kwenye kikao. Watu walijibanza chini ya bati la Esnath wakisubiri mvua ikatike, na kwa kuwa hii ni Tukuyu, wengine hawajaondoka hadi leo. Mimi ni kinyozi, chumba changu kimepakana na bati hilo, na mteja akinikosa ndani anajua pa kunitafuta. Akikasirika, akanyolewe Mbeya.

Siku hiyo habari ililetwa na Gidion, dereva wa bodaboda tunayemwita Breki Mpya, kwa sababu kila akigonga kitu anaapa kwamba breki zilikuwa mpya. Alizima pikipiki, akavua koti la mvua, salamu hakutoa.

"Oya wazee, mmesikia? Chuo cha Dar kinalitaka benchi letu!"

"Benchi lipi?" akauliza Mzee Geresoni. Huyo tunamwita Bunge. Akishika hoja haachii, na ukimkatiza anaanza upya kutoka mwanzo.

"Hilo mlilokalia, mzee baba!"

Tukasimama wote kwa mpigo, tukaligeukia tulitazame. Nami nasema kweli, sikuwahi kulitazama kabla ya hapo. Mguu mmoja ulikuwa mkaratusi. Wa pili ulikuwa mguu wa kitanda cha ndoa ya kwanza ya Bunge, ndoa ilivunjika, mguu ukabaki mzima. Wa tatu ulitoka kwenye jukwaa la kwaya. Wa nne ulikuwa tofali. Ubao wa kukalia ulikuwa ubavu wa lori la majani ya chai, na pale ulipooza palizibwa na bango la mgombea fulani wa udiwani, ambaye kwa kukaliwa sana alikuwa amebaki sikio tu.

"Hili?" akasema Esnath, mwenye bati, mwenye kahawa na mwenye ulimi. "Hili ambalo kila siku linanichania sketi?"

"Hilohilo, mama. Nimemleta Tulinagwe kutoka Mpuguso, huyo nyuma anakuja, njia nzima alikuwa analisifia."

Kusikia jina hilo, Lukasi akainamia kikombe. Tulinagwe ni binti yake. Tangu binti aende Dar tunamwita Lukasi Baba Chuo, na kila tulipomuuliza mtoto anasomea nini, alijibu, "Mambo makubwa." Ukimbana zaidi anakwambia, "Makubwa. Hata nikikueleza hutaelewa." Kwa jibu hilo alikuwa anapewa kahawa ya kwanza kila asubuhi.

Binti mwenyewe akaingia, akapiga goti kidogo, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja. Kisha akalala chali chini ya benchi na simu yake, akaanza kupiga picha. Akaligonga kwa kidole. Akalinusa.

"Mjukuu wangu," Bunge akasema, "baba yako ametuambia unasomea mambo makubwa."

"Nasomea ubunifu, babu. Vitu vya kila siku, jinsi vinavyotengenezwa, vinavyotumika, na vinakokwenda vikichoka. Ndoo, kikombe, mwavuli, benchi."

Lukasi alikuwa ameishika kahawa lakini hainywi.

"Yaani kule chuoni yupo mwalimu wa ndoo?"

"Yupo, babu."

"Anafundisha nini, kuchota?"

Tukacheka hadi kahawa ikamwagika. Lukasi hakucheka, na mimi nilimwonea huruma, ingawa huruma hiyo haikunizuia kucheka.

"Anatufundisha kujiuliza," Tulinagwe akasema, wala hakukasirika. "Ukinunua ndoo ya plastiki ikapasuka, ukaitupa mtoni, imekwenda wapi? Haijaenda popote, babu. Imehamia kwa mwingine. Ndiyo maana tunasoma uendelevu."

"Uendelevu ndiyo nini?"

"Kutumia kitu bila kuwamalizia watakaokuja. Hukitupi, unakitengeneza. Kopo la rangi linakuwa kigoda. Tairi linakuwa viatu vya katambuga. Nyama unaifunga kwa jani la mgomba, na jani likitupwa linarudi kuwa udongo."

Hapo akadakia Anosisye, fundi wa baiskeli, redio, pasi na chochote utakachomwachia bila kumwangalia. Jina la kijiweni ni Spana.

"Subiri, subiri. Huo ndio uendelevu?"

"Ndiyo, anko."

"Sasa si ndio umaskini huo!"

"Kyala wangu!" Bunge akamwita Mungu na kupiga paja. "Miaka yote wanatuita maskini, kumbe tulikuwa endelevu! Endelevu fijo, endelevu sana!"

"Mimi nina sketi endelevu," Esnath akasema. "Nimeishona mbele, nyuma na ubavuni. Ya mwanzo siikumbuki hata rangi."

"Na mkopo wangu wa pikipiki ni endelevu," akasema Gidion. "Hauishi."

Tulinagwe akatuachia tucheke tumalize, kisha akaeleza shida yake, na uso ulikuwa wa mtu mwenye shida kweli. Jumatatu anasimama mbele ya walimu. Anatakiwa apeleke kitu chenyewe, siyo picha. Kitu kilichochoka kikatengenezwa, kikachoka tena kikatengenezwa tena, na bado kinafanya kazi. Asipokipeleka, mwaka wote anaurudia.

"Nimezunguka Dar yote, kila kitu ni kipya au kimetupwa. Ndipo nikalikumbuka benchi la baba. Naomba nilichukue Jumamosi jioni, nipande nalo basi la Jumapili. Nakwenda kijijini Masoko kwa bibi kwanza. Lakini nawaomba sana, wazee wangu, likae hivyohivyo. Msijisumbue na chochote."

Akapanda nyuma ya Gidion, wakateremka.

Sasa ndugu msomaji, kama si mtu wa huku, kaa kitako. Huku mgeni akikwambia "msijisumbue", amekupa kazi. Ukimkaribisha chakula akasema ameshiba, unamwongezea. Hilo mtoto analinyonya na maziwa.

"Mmemsikia?" Bunge akasema kwa sauti ya chini. "Amesema tusijisumbue."

"Nimemsikia," Esnath akajibu. "Maskini, ana adabu."

"Mgeni akisema msijisumbue, unafanya nini?"

"Unakamata kuku," tukajibu wote.

"Basi! Mtoto anaona aibu kututamkia. Atatuambiaje wazee wake kwamba benchi letu ni chafu? Akasema likae hivyohivyo. Maana yake, jamani, nitapanda nalo basi hivyohivyo?"

Nikasema, "Lakini Mzee Bunge, amesema wanataka kitu kilichochoka."

"Gwe kinyozi!" akanigeukia. "Mchumba akisema anampenda binti hata bila nguo mpya, mama mtu anampeleka na viraka?"

Bunge akasimama. Nilijua akisimama jambo limepitishwa.

"Hili benchi linaondoka kwetu kwenda kwa watu. Walimu watalitazama, watauliza limetoka wapi, wataambiwa Tukuyu. Linaolewa hili. Na kitu kinachoolewa kinafanyiwa sendofu, kinaagwa kwa shangwe."

Kamati ikaundwa palepale. Bunge mwenyekiti. Spana mambo ya ufundi. Esnath chakula. Gidion, aliporudi, akapewa ushereheshaji kwa sababu ana honi. Mimi nilipewa msasa. Nikawaambia mimi nanyoa vichwa, Bunge akauliza tofauti yake nini, vichwa vingine navyo ni mbao.

"Na baba wa mtoto?" Esnath akauliza.

Lukasi akainua uso, ukawa umeanza kupata damu. "Kwa hiyo mnaliheshimu jambo lake?"

"Tunaliheshimu fijo," Bunge akasema. "Mtoto aliyesomea benchi ni mtoto wetu sote."

Nikaona machozi yanamlenga Lukasi. Akasema angetoa mkungu wa ndizi, na akautoa.

Spana alianza na tofali. Akasema tofali ni aibu, akaweka mguu. Alipouweka, mguu wa kwaya ukaonekana mfupi, akaubadilisha. Miguu miwili mipya ikaifanya ile mingine ionekane mizee, akaing'oa. Miguu ilipokuwa mizuri yote, ubao ukatutia kinyaa, akaanza kuubandua nao.

"Sikio je?" nikauliza. "Walau sikio la diwani libaki."

"Wakiuliza mwili uko wapi utawajibu nini?" Spana akasema, akaling'oa.

Rangi ndiyo iliyotaka kuvunja kamati. Esnath alitaka ya kijani kwa heshima ya chai. Gidion alitaka nyeusi yenye miali ya moto. Tukapaka bluu, kwa kuwa ndiyo iliyobaki Spana alipomaliza kupaka mlango wa jirani, na juu yake Spana akaandika kwa herufi nyeupe: KARIBUNI TUKUYU. Nami nikalipiga msasa hadi likateleza. Niseme ukweli, lilipendeza. Kila aliyepita alisimama.

Jumamosi mvua ikapumzika kidogo. Benchi likafungwa khanga mbili, likasimamishwa katikati. Ndizi zikachemka na nyama, harufu ikafika barabarani, na watu tusiowajua wakaja kutupa pongezi wakiwa na sahani zao. Gidion akapiga honi.

"Mabibi na mabwana, bi harusi wetu leo hana mpinzani! Tazameni miguu hiyo!"

Vigelegele. Tulinagwe akatokea na gunia na kamba begani, akashtuka kidogo, akadhani ni sherehe ya mtu. Esnath akamkalisha juu ya kopo la rangi, akamjazia sahani. Binti akala kwa adabu.

"Ndizi tamu, shangazi. Zina moshi fulani hivi."

"Kula mwanangu, safari ndefu."

"Nani anaolewa?"

Tukacheka. Bunge akalifunua benchi khanga kwa mikono miwili, taratibu, na Gidion akashikilia honi. Binti akalitazama. Akatutazama.

"Zuri," akasema. "La nani?"

"Lako!"

"Asanteni sana. Na lile langu liko wapi?"

"Ndilo hili!"

"Hapana, babu. Lile la zamani."

Bunge akatabasamu kwa tabasamu la mtu aliyetimiza wajibu. "Ulisema tusijisumbue, mjukuu. Tumekuelewa."

"Mbao zake ziko wapi?"

Tukajikuta tunakitazama chungu. Binti akafuata macho yetu hadi kwenye mafiga, ambako kipande cha mwisho cha kitanda cha ndoa ya kwanza ya Bunge kilikuwa kinamalizikia kuwa kaa. Kisha akaitazama sahani yake.

"Nimelila?"

"Limeiva vizuri," Spana akasema, na hapo hata mimi nilitamani kumpiga.

Tulinagwe akaweka sahani chini, akalia. Kilikuwa kilio cha kweli, mabega yanatikisika, na honi ikaisha yenyewe. Lukasi akasimama mbele yetu. Mtu ambaye hajawahi kupaza sauti pale kijiweni, siku hiyo aliipaza.

"Mtoto aliwaambia likae hivyohivyo! Hivyohivyo! Kuna neno gumu hapo? Sasa atarudia mwaka, na mimi nilikuwa nimeanza kusema anasomea mabenchi, nasema barabarani bila kuona haya! Mmempikia mwanangu mwaka wake, mkamlisha!"

Tuliumia. Sisi ni watu wa maneno mengi, lakini siku hiyo tulitafutana kwa macho. Kisha kila mmoja akakimbia kwake, na kila mmoja akarudi na kitu chake.

Gidion akaleta helmeti yenye gundi ya karatasi. "Imeanguka na mimi mara nyingi, dada. Imepona kila mara."

"Iliwahi kufanya kazi?"

"Hapo sasa."

Esnath akaleta chupa ya chai yenye kizibo cha gunzi la hindi. Kioo cha ndani kilishavunjika, akakiri kwamba chai inapoa hata kabla ya kumiminwa. Spana akaleta koleo, lakini alilitengeneza mwenyewe kwa kutumia koleo jingine jipya, ambalo sasa ndilo lililoharibika. Mimi nikaleta mashine yangu ya mkono ya kunyolea. Binti akaikagua, akauliza kama bado inanyoa. Nikasema inang'oa. Akanirudishia.

Bunge yeye hakwenda popote. Alikuwa amekaa chini, kichwa mikononi, na mdomoni bado ana pande la nyama alilolianza kabla ya maafa.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyesema sendofu. Kyala anisamehe, ni mi..."

Nyama ikampalia. Akakohoa, Spana akampiga mgongoni, na meno yake ya bandia yakaruka, yakatua kwenye jani la mgomba mbele ya miguu ya Tulinagwe. Binti akaacha kulia. Akainama. Akayanyanyua na lile jani, akayageuza kwenye mwanga.

Sisi tulijua Bunge ana meno ya bandia. Lakini nani anamtazama mtu mdomoni? Ufizi ulikuwa umepasuka katikati, umeshonwa kwa waya wa shaba. Jino moja la mbele lilikuwa pembe ya ng'ombe. La pembeni lilikuwa kipande cha kikombe cha udongo, na ua lake dogo bado linaonekana. Nyuma palikuwa na kiraka cha tyubu ya baiskeli.

"Hiyo kazi yangu!" Spana akapiga kelele. "Kiraka changu hicho! Pembe alichonga marehemu Ackson. Kikombe ni cha Esnath!"

"Ndiyo maana nilikuwa nakitafuta!" Esnath akasema.

"Na bado yanatafuna?" Tulinagwe akauliza kwa sauti ndogo.

Tukamwonyesha mifupa iliyokuwa mbele ya Bunge. Ilikuwa imesafishwa kabisa.

Binti akapiga magoti, mara hii magoti mawili. "Babu. Naomba unisaidie. Nitayarudisha."

Bunge akaziba mdomo kwa kiganja. Akatikisa kichwa. Akajaribu kusema, ikatoka hewa. Esnath, aliyemsikiliza miaka mingi kuliko sisi sote, akainama karibu akasikiliza.

"Anauliza, akae bila kusema mpaka lini?"

"Wiki chache tu, babu."

"Anauliza sisi kijiwe tutaweza kukaa wiki chache bila yeye kusema."

"Tutaweza!" tukajibu wote kwa pamoja, na nadhani tulijibu haraka mno, maana mzee alitutazama kwa huzuni. Kisha akamtazama Lukasi, aliyekuwa amesimama ameishika kofia yake kwa mikono miwili kama yuko kanisani. Bunge akaondoa kiganja mdomoni. Akayafunga meno yake mwenyewe ndani ya jani la mgomba, akafunga na ugwe wa mgomba, akamkabidhi binti. Sijawahi kumpenda yule mzee kama dakika ile.

Jumapili binti akaondoka nayo. Benchi la bluu likabaki, hakuna anayelikalia kwa sababu msasa wangu umelifanya lirushe watu chini. Mada zikaletwa: bei ya maparachichi, mbunge, mchungaji mpya. Kila moja ilikufa mara moja, maana kila mtu alikubaliana na mwenzake. Lukasi akawa analeta ndizi kila asubuhi, anaziponda kwenye bakuli, anamlisha Bunge kijiko kwa kijiko, na baba wa msomi hakuona haya.

Kisha simu ikaja. Lukasi akaiweka sauti ya nje.

"Baba! Nimefaulu! Nimeongoza darasa! Walimu wamesema hawajawahi kuona kitu kilichotumika hivyo!"

Tukarukaruka. Esnath akapiga vigelegele. Bunge akapiga makofi, fizi zote nje.

"Lakini kuna jambo, baba. Mwambie babu taratibu. Chuo kimeyaweka kwenye kabati la kioo, na taa juu yake. Wameandika: Kitu Kinachoendelea Kutumika. Sasa wanasema hayawezi kutoka tena. Yakitumika yataharibika."

Hakuna aliyetaka kumtazama mzee. Gidion akasema polepole kwamba hiyo ni noma. Spana akaanza kusema angeweza kutengeneza mengine kwa bomba la plastiki, Esnath akamkanyaga mguu. Nilikuwa na hasira, nilitaka kuichukua ile simu niwaambie hao walimu maneno ambayo kinyozi huyaweka akiba kwa wateja wanaokimbia bila kulipa.

Bunge akanyoosha kidole, akaiomba simu. Akaishika karibu na mdomo, akasema maneno machache, taratibu, bila kurudia kutoka mwanzo. Upande wa pili binti akauliza, "Babu amesemaje?"

Esnath alikuwa anafuta macho kwa ile sketi yake.

"Anasema haidhuru, mwanangu. Ila uwaombe walimu, angalau mara moja kwa wiki, wayape nyama. Yamezoea."